Bunge la Waskoti Sebuleni kwa Mwalimu Nargis

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuligawa Bunge la Scotland vyumba viwili. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, sijakanyaga chuo chochote, na yote niliyoyajua kuhusu mabunge nilikuwa nimeyaokota mwenyewe, kwenye vitabu vya maktaba ya mtaa na kurasa za mtandao nilizozisoma mpaka macho yakaniuma. Nilijua kuwa Ottawa kuna waheshimiwa wa juu na wa chini, na London vilevile. Kwa hiyo Mwalimu Nargis aliponipa kazi ya kwanza, kueleza kwa Kiswahili jinsi siku moja ya bunge la Edinburgh ilivyokwenda katika karne ya kumi na saba, niliwaweka mabwana wenye vyeo kwenye chumba chao na wajumbe wa miji kwenye chao, nikabuni hata mlango wa katikati na mtu wa kupeleka ujumbe huku na huku. Niliinakili upya mara nyingi hata ikawa haina neno lililokatwa. Alinisikiliza nikimsomea mpaka mwisho, kichwa kimelala kwenye kochi, akamaliza chai yake, kisha akasema, "Umejenga ukuta mzuri sana, Baraka. Sasa uubomoe. Watu hawa walikaa chumba kimoja, wote, wakisikiana harufu." Akacheka. Mimi sikucheka. Niliomba ruhusa nikaingia bafuni, nikafungua maji ili asinisikie, nikasimama pale kama mtu aliyefukuzwa kazi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na sitaki kujipamba: kosa dogo liliweza kunilaza njaa.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita nilikwenda Vaughan, nje kidogo ya Toronto, kwenye khitma ya mdogo wake Mwalimu Nargis, Mzee Akbar. Nilikaa nyuma na wanaume nisiowajua, viatu nje, biriani ikapita, na mtu mmoja wa makamo akawa anamsimulia mwenzake utani wa Mzee Akbar, kwa Kiswahili kile cha Tanga kilichochanganyika na Kikachi, lugha ya wazee wao wa Kihindi, na nusu ya utani ule nilikuwa nimeusikia mwenyewe, sebuleni kwa dada yake, mwaka ule nilipomfanyia kazi. Nilikuwa nimekwenda kumwombea yule mzee, lakini niliyekuwa namlilia ni mwingine, na kikao kimoja cha Jumapili ambacho mpaka leo nakirudia kichwani nikikipanga upya.

Mimi na Mwalimu Nargis tulikutana maktabani. Nilikuwa nimekaa kwenye kompyuta, naongea na mama yangu kwa simu kwa sauti ya chini, na nilipokata, sauti ikatoka nyuma yangu: "Kijana, unaweza kusoma maandishi mabaya?" Nikageuka. Mwanamke mzee wa Kihindi, mwembamba, shela nyeupe na koti zito la baridi, mkononi ana lenzi ya kukuzia. Nikasimama. "Shikamoo." "Marahaba. Hujanijibu." Ugonjwa ulikuwa umemla katikati ya macho; alibaki anaona pembeni tu, kwa hiyo akitaka kukuona usoni alitazama sikio lako. Alinionyesha picha ya ukurasa wa kale, wino wa kahawia, herufi zimejikunja kama minyoo. Sikuweza kusoma hata neno moja. Nilimwambia ninaweza. Usiku na mchana wa wiki iliyofuata nilijifundisha mwandiko ule, herufi baada ya herufi, na niliporudi kwake niliusoma ukurasa mzima bila kukwama. Hakujua kwamba nilikuwa nimeukariri. Au labda alijua. Alikuwa amefundisha sekondari miaka mingi, na walimu wa namna ile wanajua.

Kisa cha kitabu chake kilianzia darasani Tanga. Alikuwa akifundisha historia, msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, wale wabunge wa zamani, siku nzima walikuwa wakifanya nini?" Akamjibu kwa wafalme na vita. Jioni ile, aliniambia, alijiona mwongo. Baadaye alipopata nafasi ya kusoma Edinburgh, alikwenda kulitazama jumba lenyewe la bunge lile la kale, akakuta mawakili wenye majoho wakitembea huku na huku kwenye ukumbi wakinong'onezana habari za kesi, kana kwamba bunge lilitoka jana likawaachia funguo. Akaingia kwenye kumbukumbu za bunge lile zilizoandikwa. Na huko akakuta walichokuwa wakifanya siku nzima: madaraja yaliyochukuliwa na mto. Vipimo vya nafaka visivyolingana kati ya mji na mji. Ngozi, chumvi, makaa, kitani. Mjane anayeomba asisahauliwe. Kanisa lisilo na paa. Nani aketi wapi. Aliamua kuandika kitabu cha Kiswahili kuhusu hayo tu, mambo ya kila siku, kwa ajili ya yule msichana, ambaye kama yuko hai sasa ni bibi. Alihamia Toronto, akafanya kazi ya ofisini, akalea, akafiwa na mume, na kitabu kikawa kinasubiri kwenye makabati ya jikoni, chini ya sufuria. Macho yalipoanza kufifia ndipo alipoanza kuharakisha.

Nyumba yake ilikuwa fleti ya ghorofa ya juu, mtaa wa Bathurst, dirisha kubwa linatazama barabara na miti isiyo na majani. Nilikuwa nikitoka Lawrence Heights, nilikokuwa nimepanga chumba, asubuhi nikipanga bidhaa kwenye rafu za duka na mchana nikienda kwake. Ukifungua mlango wa lifti ulisikia iliki kabla hujafika mlangoni pake. Aliyajua yale makazi kwa vidole: mkono wa kushoto swichi, hatua kidogo meza, chupa ya chai pembeni ya redio. Alipika mihogo ya nazi, ile ya dukani iliyogandishwa, akiilalamikia kila mara kwamba haina mzizi wala shamba, na tulikula kwanza, hakuna kusoma mtu ana njaa. Baada ya hapo nilisoma, yeye akafasiri kwa mdomo, mimi nikaandika. Aliniita "karani wangu". Wakati mwingine nilikuwa nakwama kwenye neno moja kwa muda mrefu hata yeye anasinzia, maana sikutaka kwenda mbele nikiwa na shaka, na akiamka anauliza, "Bado uko kwenye daraja lile lile?" Nasema ndiyo. "Mto utakukuta hapo." Siku moja alipapasa kurasa nilizomnakilia, akasema, "Wewe unaandika kama mtu anayeogopa polisi." Nilicheka, lakini ilikuwa kweli. Niliogopa kwamba siku moja mtu mwenye digrii atafungua mlango, anione na kalamu mkononi, aniulize nani aliniruhusu.

Kuna mambo mawili ya bunge lile ambayo lazima niyaeleze. La kwanza ni Mabwana wa Vifungu. Kwa miaka mingi ya karne ile, bunge lilifunguliwa kwa mbwembwe, wakubwa juu ya farasi, majoho, taji na fimbo ya mfalme vikibebwa mbele. Halafu wakachagua kamati ndogo, hao Mabwana wa Vifungu, na wengine wote wakaachwa wakasubiri mjini. Kamati ikajifungia. Kila sheria ikapikwa humo. Siku ya mwisho wakaitwa wote, karani akawasomea, wakapiga kura, fimbo ikaigusa karatasi, na imekwisha. Mtu ametoka mbali, kwa matope, kuja kusema juu ya mambo ambayo yalishasemwa bila yeye. Mwalimu Nargis aliwachukia Mabwana wa Vifungu kama watu wanaomdai. "Hawa," alikuwa akisema, "wangeishi leo wangekuwa wanakupigia simu kukushukuru kwa kukubali."

La pili ni pingamizi. Mtu aliyeona haki yake inaguswa, au jina lake limeitwa baada ya la mtu aliyepaswa kumfuata, alisimama palepale akasema, napinga, na jambo hili lisije kunidhuru baadaye. Kisha akampa karani sarafu, na karani akawa hana budi kuiandika pingamizi hiyo. Haikubadilisha kura. Mara nyingi haikubadilisha chochote. Lakini ikakaa kwenye kumbukumbu pamoja na sheria yenyewe. Kila bunge lilianza na mvua ya pingamizi hizo, bwana huyu dhidi ya bwana yule, na mimi niliziona upuuzi. Zilikuwa zikijirudia, zikinivurugia sura ya kitabu. Nilimshauri tuziondoe zote, tubakize sentensi moja ya kueleza kwamba zilikuwapo.

"Ukiziondoa unabaki na nini?" aliuliza.

"Sheria, Mwalimu. Mambo yaliyopitishwa."

"Sheria ni za waliokubaliana. Na hawa wengine tuwapeleke wapi?"

"Lakini walishindwa."

"Walishindwa, ndiyo. Wameandikwa." Akanyoosha mkono kutafuta kikombe. "Hakuna kuondoa hata mmoja. Hata yule mjinga aliyepinga kwa sababu ya kiti."

Mchana mmoja wa majira ya baridi alikuwa amebandika maziwa ya chai jikoni, mimi niko mezani nahangaika na ukurasa wa maombi ya mji mdogo ambao mto ulikuwa umelibomoa daraja lake. Kulikuwa na neno moja lililonishinda kwa siku kadhaa. Ghafla nikaliona. Watu walikuwa wanaomba msaada si kwa ajili ya biashara, kama nilivyodhani, bali kwa sababu watoto wao walikuwa wakizama wakienda kanisani. Nikapiga kelele, "Mwalimu! Mwalimu, njoo!" Na yeye, kwa kuisikia sauti yangu, ambayo haikuwa imewahi kupanda namna ile, aliacha kila kitu akaja, akakaa, akaniambia nisome tena, na tena. Machozi yalimtoka. Tukasahau. Maziwa yakafurika, yakaungua, moshi ukajaa, king'ora kikaanza kulia, jirani akagonga, na mimi nikapanda juu ya kiti kukipepea king'ora kwa gazeti huku yeye akicheka hata kushika ubavu. Mwenye jengo aliandika taarifa, taarifa ikamfikia binti yake Mwalimu.

Binti huyo ni Tasneem, mtoto pekee, aliyekuwa akiishi Mississauga, mji jirani, na kufanya kazi Toronto, kila siku treni ya asubuhi na treni ya jioni. Alikuwa anaelewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, na mama yake alikuwa anaelewa Kiingereza chote na kukijibu kwa Kiswahili. Walivyozungumza, ungedhani kuna redio mbili chumbani. Sitamsema vibaya. Alikuwa anampigia mama yake simu akiwa kwenye treni, asubuhi na jioni, na asipopokelewa alishuka kituo kisicho chake akaja. Mwaka ule mama yake alikuwa ameshaanguka mara moja bafuni. Niliona jinsi Tasneem alivyokuwa akiingia: kabla ya salamu anatazama jiko, anatazama sakafu, anatazama miguu ya mama yake. Alikuwa na hofu inayofanana sana na yangu, ila yeye alikuwa na kitu cha kuogopea.

Kikao kiliitishwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Nilikuwapo kwa sababu nilikuwa nimekuja kuleta sura niliyokuwa nimeimaliza, na nilipotaka kuondoka Mwalimu alisema, "Kaa. Wamekuja wawili, na mimi niwe na wangu." Mzee Akbar alikuwa amekaa kwenye kochi, mtu mnene mwenye kucheka, aliyewahi kuwa na duka la vitambaa Tanga na baadaye duka la vipuri vya magari huku. Aliponiona alisema, "Karani! Bunge limevunjwa au bado mnalipana posho?" Nikamwamkia, akaniitikia huku akinishika bega. Tasneem alikuwa ameleta sambusa, hakuna aliyezigusa. Mzee Akbar ndiye aliyeanza.

"Dada, sisi hatuna nia mbaya. Tumezungumza."

"Mmezungumzia wapi?"

"Kwenye simu. Lile kundi la familia."

"Mimi nimo?"

"Wewe huioni simu, Dada."

"Ahaa." Alitikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo Mabwana wa Vifungu wameshakaa."

Mzee Akbar akanigeukia. "Anasema nini huyu?"

"Ni kamati, mzee," nikasema.

"Kamati gani tena? Sisi tunazungumzia chumba."

Chumba kilikuwa kimeshapatikana, kwenye makao ya wazee kule Mississauga, karibu na kwa Tasneem. Kina dirisha. Kuna chakula halali. Kuna mtu wa kuitwa kwa kengele saa yoyote. Tasneem alieleza yote hayo kwa Kiingereza, haraka, akitazama mikono yake, na alipofika kwenye neno bafuni sauti ikakatika. Mama yake alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa utulivu kwamba yeye anataka kubaki hapo alipo, ambapo anajua kila kitu kiko wapi, mpaka kitabu kiishe. Baada ya hapo wampeleke watakako. Hilo tu. Halikuwa ombi kubwa. Nilijua kimebaki kiasi gani. Tungekuwa tukienda kwa mwendo wake na si kwa mwendo wangu, kingekuwa karibu kwisha.

Ndipo Mzee Akbar aliponigeukia tena, na safari hii hakuwa anatania. "Mwanangu, wewe ndiye unayekaa naye. Sisi tunakuja na kuondoka. Tuambie ukweli wa Mungu. Anaweza kukaa peke yake?"

Wote wakanitazama, hata Mwalimu, akilitazama sikio langu. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo kamili mno. Nilitaka kusema kila kitu, kwa haki, kwa mpangilio, bila kuficha lolote upande wowote, kwa sababu ndivyo nilivyojifundisha kuandika kumbukumbu: unaanza mwanzo, unafuata utaratibu, huruki. Kwa hiyo nilianza na tukio kubwa lililokuwa kwenye taarifa. Nikasema, "Mwezi uliopita aliacha jiko likiwaka, maziwa yakaungua, moshi ukajaa..." Sentensi ilikuwa na nusu ya pili. Nusu ya pili ilikuwa kwamba mimi ndiye niliyemwita, kwa kelele, na kwamba bila mimi asingeliacha. Baada ya hapo ningesema jinsi anavyojipikia, anavyojua dawa zake kwa umbo la vidonge, anavyokumbuka ukurasa niliousoma wiki tatu nyuma nami nimeshausahau. Lakini Tasneem aliweka mkono mdomoni. Mzee Akbar akasema, "Basi, basi, mwanangu, umesema," akainua kiganja kama mtu anayesimamisha gari. Wakaanza kuzungumza wao kwa wao, Kiingereza na Kikachi, mmoja akimkatiza mwenzake. Mimi nikangojea. Nilifikiri kutakuwa na nafasi. Nilikuwa naipanga ile nusu ya pili kichwani, nikitafuta namna ya kuisema isionekane kama najitetea, isionekane kama namtetea, iwe sawasawa, na kila nilipoipata walikuwa wameshafika mahali pengine. Walikuwa wamefika kwenye samani.

Mwalimu Nargis alisimama, ameshika mgongo wa kiti. "Napinga," alisema. Wakamgeukia. "Karani. Andika. Nargis, mwenye nyumba hii, anapinga kuhamishwa kwa jambo lililoamuliwa asipokuwapo." Akapapasa bakuli la chenji lililokuwa karibu na redio, akatoa sarafu, akanyoosha mkono mahali alipodhani niko. Nilisogea ili isidondoke.

"Dada, hapa si Edinburgh," alisema Mzee Akbar, na alijaribu kucheka, haikutoka. Tasneem alikuwa analia waziwazi. Niliandika. Mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa, na hilo ndilo linaloniumiza, kwamba kwenye kuandika nilikuwa hodari. Niliandika vizuri kuliko siku zote.

Wengine walipotoka kwenda kusubiri lifti Mwalimu alinikuta jikoni naosha vikombe. "Mbona hukumalizia?" aliuliza. Hakuhitaji kusema nini.

"Nilikuwa nasubiri wanyamaze, Mwalimu."

"Hawakunyamaza hata Edinburgh," alisema. Akachukua kitambaa akaanza kufuta vikombe, kimoja kimoja, akivirudisha mahali pake, ingawa sasa mahali pake palikuwa pa siku chache tu.

Makao yale yalikuwa safi, na waliomhudumia walikuwa na upole. Sina mtu wa kumlaumu humo. Nilikwenda kwa treni kisha basi, begani nimebeba kurasa. Alikuwa amekaa kando ya dirisha ambalo halikumfaa kitu. Alikuwa hajui tena swichi iko wapi. Uji waliuleta mapema, mwepesi, na vikombe vilikuwa vya plastiki, aliniambia, kana kwamba wote humo ni watoto wa chekechea. "Wananiita mpenzi," alinong'ona. "Mpenzi hivi, mpenzi vile. Nimefundisha wasichana miaka yote, hakuna aliyethubutu." Tulicheka. Mwanzoni nilisoma, naye akafasiri. Halafu akawa anafasiri nusu, ananyamaza, anauliza kama mvua inanyesha. Nilimletea iliki kwenye kikaratasi, akanusa, akaiweka mfukoni. Baadaye hakutaka kazi, alitaka nimsomee tu, na alitaka ukurasa ule ule, wa mji uliopoteza daraja. Niliusoma mara nyingi. Siku ya mwisho niliyoongea naye aliuliza, "Walijengewa?" Nikamwambia kumbukumbu hazisemi, zinasema tu kwamba maombi yalisomwa na kupelekwa kwenye kamati. Ningeweza kusema ndiyo. Ndiyo ingemfaa. Lakini sikuwa na uhakika, kwa hiyo sikusema. Alifariki kabla theluji haijayeyuka, asubuhi, kabla ya uji.

Baada ya arobaini Tasneem aliniomba nikamsaidie kufunga makaratasi kwenye fleti ya Bathurst, maana mkataba wa pango ulikuwa unakwisha. Harufu ya iliki ilikuwa imeshatoka. Tulifanya kazi hadi sakafu ikaonekana, na nikiwa nimeshika sanduku, mikono imejaa, nikamwambia. Nikamwambia nusu ya pili ya sentensi, maziwa, na kelele zangu, na kwamba mama yake alikuja kwa kuwa mimi nilimwita. Nilikuwa nimeipanga miezi mingi, ikatoka ovyo, nikigugumia. Alinisikiliza. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alinijibu kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno.

"Kama ungesema siku ile," alisema, "mimi... bado ningemhamisha. Nadhani." Alikaa juu ya sanduku jingine. "Sijui. Nadhani." Halafu akalia, na mimi nikaweka sanduku chini nikakaa sakafuni karibu naye. Sijawahi kujua kama alisema vile kwa sababu ni kweli au kwa kunihurumia. Nimejaribu kulipima neno lile kwa kila namna ninayoijua. Halipimiki.

Kitabu hakikuisha. Kurasa ziko kwa Tasneem, nakala ziko kwangu, na pingamizi zote zimo, hata ya yule wa kiti. Sikuondoa hata moja. Mengi kwangu hayajabadilika. Bado naandika sentensi moja mara nyingi mpaka inachakaa. Bado naamka nikikumbuka kosa la mwaka juzi. Kilichobadilika ni kimoja. Siku hizi, mtu akiniuliza habari za mwingine aliyekaa pale pale chumbani, kama anaweza, kama anataka, kama anafaa, sijibu. Ninamgeukia mwenyewe, namwuliza yeye.